Nani anamsemea muganga wa kijiji? Utetezi wa kazi za afya, kutoka Mutarule mpaka Kinshasa

Mutarule iko katika bonde la Ruzizi, karibu na Luberizi, kati ya Sange na Luvungi, teritware ya Uvira. Kama vile katika vijiji vingine vya bonde hili, mtu akizidiwa usiku hatafuti daktari. Anatafuta muganga wa kituo cha afya, na huyo muganga mara nyingi ni muuguzi. Ndiye anapima malaria, anashona kidonda, anampokea mtoto anayezaliwa, anaandika karatasi ya kumpeleka mgonjwa hospitali kuu, na asubuhi anajaza madaftari ya zoni ya afya.

Wakaaji wanajua bei ya kumuona. Wachache wanajua yeye analipwa na nani. Wengi wanafikiri ni serikali. Katika vituo vingi jibu la kweli ni lingine: analipwa na mgonjwa. Ile franga ambayo mama wa Mutarule anatoa juu ya mtoto mwenye homa ndiyo inanunua dawa, ndiyo inanunua kalamu, na ndiyo inampatia muuguzi unga wa nyumbani kwake. Mwezi ambao hakuna wagonjwa, hakuna pesa.

Hapo ndipo neno utetezi linaingia. Katika mikutano ya mashirika wanasemaka plaidoyer, na limesemwa sana mpaka watu wengine wanafikiri ni jina la semina yenye soda na pesa ya usafiri. Maana yake ni rahisi zaidi: kumwendea mwenye uwezo wa kuamua, kumweleza shida kwa ushahidi, na kurudi tena mpaka atoe jibu. Karibu kila kitu ambacho kazi za afya zimepata nchini Kongo, kuanzia jina la kazi mpaka primu, kilipatikana kwa njia hiyo. Kile ambacho hakijapatikana, mgonjwa ndiye anakilipia.

Jina moja, kazi nyingi

Uvira yote, mwenye koti jeupe ni muganga tu. Kwenye karatasi mambo ni tofauti. Kuna muuguzi wa A2, aliyemaliza shule ya utabibu ya kiwango cha sekondari, ile inayoitwa ITM. Kuna wa A1, aliyeongeza miaka kwenye chuo kikuu cha ufundi wa utabibu, kama ISTM ya Bukavu. Kuna mwenye lisansi. Kuna mkunga, kuna wa maabara, kuna wa dawa, na juu yao daktari. Kila daraja lina mshahara wake na lina mipaka yake: nani anaruhusiwa kupasua, nani anaruhusiwa kuandika dawa gani.

Mipaka hiyo haikuanguka toka mbinguni. Wakati wa Wabelgiji, sheria ya tarehe 19 Machi 1952 ndiyo ilipanga nani ana haki ya kutibu. Wakongomani walisomeshwa kuwa wauguzi na wasaidizi wa daktari, lakini mlango wa udaktari wenyewe ulikuwa karibu umefungwa. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, nchi hii kubwa haikuwa na Mkongomani mwenye diploma kamili ya udaktari anayefanya kazi hapa. Madaktari wa Kibelgiji wengi walipoondoka kwa haraka, wale wasaidizi wa daktari ndio walibaki na hospitali mikononi. Baadaye Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisaidia makumi yao kwenda Ufaransa kumalizia masomo, wakarudi madaktari. Ni mfano wa zamani wa jambo ambalo bado linaombwa leo: mtu anayefanya kazi kubwa apewe masomo na cheo vinavyolingana nayo.

Madaktari walipata chama chao cha kisheria mapema, Ordre des médecins, mwaka 1968. Wenye famasia walipata chao mwaka 1991. Wauguzi, ambao ndio wengi na ndio wako mpaka vijiji vya mwisho, walisubiri mpaka tarehe 15 Julai 2016, siku ambayo sheria namba 16/015 iliunda Ordre des infirmiers. Miaka 48 baada ya madaktari. Ni vigumu kuona sababu nyingine ya kuchelewa hivyo isipokuwa hii: wauguzi walikuwa wengi lakini sauti yao haikufika bungeni.

Watu wanachanganya Ordre na sindika, hata wauguzi wenyewe. Ordre haiombi mshahara. Kazi yake ni kuandika majina ya wenye haki ya kufanya kazi, kulinda maadili na kuadhibu anayeharibu. Jina lako lisipokuwa kwenye orodha yake, hutakiwi kumgusa mgonjwa. Sindika ndiyo inapigania malipo, vyeo na mazingira ya kazi. Halafu kuna vyama vya taaluma, vinavyoshughulika na masomo na ubora wa kazi, kama SCOSAF, chama cha wakunga wa Kongo. Mkaaji anayetaka kulalamikia muuguzi aliyemtendea vibaya aende upande wa Ordre na ofisi ya zoni ya afya. Sindika itamtetea muuguzi, na ni haki yake kufanya hivyo.

Kwa mtu wa Mutarule, Ordre ina faida moja ya haraka. Bondeni, kama mahali pengi pa mashariki, kuna vyumba vya tiba vinavyofunguliwa na mtu yeyote mwenye sindano na meza. Mwaka mmoja alikuwa akifagia kwenye famasia, mwaka unaofuata yeye ni muganga. Kabla ya 2016 muuguzi wa kweli hakuwa na chombo chake cha kisheria cha kusema: huyu si mwenzetu.

Matrikule

Sasa kwenye pesa. Ili serikali imlipe muuguzi, lazima awe na namba ya matrikule. Njia ya kuipata ni ndefu. Kijana anamaliza masomo, zoni ya afya inampa barua ya kazi, anaanza. Dosie yake inapanda kwa ofisi ya afya ya jimbo. Kutoka hapo inaenda Kinshasa, wizara ya afya, halafu wizara ya kazi za serikali. Huko ndiko anaandikwa rasmi kuwa mtumishi, kwa kufuata sheria ya watumishi wa serikali, ambayo nayo ni ya tarehe 15 Julai 2016. Akishapata matrikule bado hajamaliza. Lazima jina liingie kwenye mashine ya malipo. Wenyewe wanasema "kumekanizwa". Mtu anaweza kuwa na matrikule miaka mingi bila kumekanizwa.

Isitoshe, orodha ni mbili. Kuna ya mshahara, ambao ni mdogo, na kuna ya primu ya hatari, inayoongezwa juu ya mshahara. Wako wanaopata vyote viwili. Wako wanaopata primu bila mshahara, au mshahara bila primu. Na wako wanaoitwa "unite nuvele", wapya, ambao hawapati kitu, hata kama huo upya wao umefikisha miaka 10.

Kituo kimoja kinaweza kuwa na watu 5 wanaofanya kazi ile ile, zamu zile zile za usiku, na kati yao mmoja tu ndiye anaenda benki mwisho wa mwezi. Wale 4 wanagawana kile kilichobaki kwenye sanduku la kituo baada ya kununua dawa. Inaitwa primu ya mahali. Si haramu, ni njia inayojulikana na wakubwa wote wa afya. Lakini ina meno, na yanamuuma mgonjwa.

Kwanza, inasukuma bei juu. Pili, inamtia muuguzi kishawishi: sindano mahali pa kidonge, seramu kwa asiyeihitaji, dawa zake binafsi ndani ya droo. Tatu, inazaa ile aibu inayojulikana Kongo nzima, mama aliyejifungua salama kuzuiliwa na mtoto wake mpaka ndugu walete pesa. Watu wakiona hivyo wanasema waganga wamekuwa na roho mbaya. Wako wenye roho mbaya, kama katika kazi yoyote. Ila mtu akikaa na hesabu ya kituo mbele yake, anaona kwamba yule mama anayezuiliwa ndiye mshahara wa zamu ya usiku.

Ndiyo maana huduma ya bure inaleta ugomvi. Shirika likifika na kusema watoto watibiwe bure, au wagonjwa wa kipindupindu wasilipe, wakaaji wanafurahi. Kama shirika hilo linafidia kituo, kazi inaenda vizuri. Kama linaleta dawa peke yake, muuguzi anakuta wagonjwa wameongezeka mara mbili na mfuko wake umekauka. Swali hilo liliulizwa pia wakati serikali ilipoanzisha uzazi wa bure Kinshasa, Septemba 2023: pesa ya kufidia itafika lini, na kwa nani?

Mwezi wa Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti ya kila nchi kwenye afya. Kongo haijawahi kufika hapo. Hiyo ni namba nzuri ya kumshika nayo mbunge, kwa sababu hakuna anayeweza kusema haijui: ni ahadi ya serikali zenyewe, si ombi la shirika.

Vita nayo imekata njia ya karatasi. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari 2025, benki za miji hiyo zilifungwa na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Dosie ya muuguzi wa bondeni, iliyozoea kupanda Bukavu, ikapoteza njia yake ya kawaida. Aliyekuwa anasubiri miaka 6 akaanza kuhesabu upya.

Mgomo unaouma upande mmoja

Silaha inayojulikana zaidi ni mgomo. Sindika ya madaktari, SYNAMED, na sindika za wauguzi, kama SOLSICO, zimegoma mara nyingi, na madai hayabadiliki sana: matrikule kwa wasio nayo, primu kwa wote, kupandishwa cheo kulingana na masomo, na pensheni ya heshima kwa wazee. Hili la mwisho halisikiki sana, lakini ni zito. Muuguzi wa miaka 70 bado anashika zamu kwa sababu akiondoka anapoteza kila kitu, na kijana hawezi kuchukua nafasi ambayo haijaachwa.

Mwaka 2020, watu waliowekwa mbele kupambana na Covid-19 Kinshasa walisimamisha kazi kwa sababu ya miezi bila malipo. Serikali ilikuwa inawaita mashujaa kwenye redio.

Kuna mgomo wa kawaida, ambapo dharura zinapokelewa, na kuna mgomo mkavu, ambapo hata dharura hazina mtu. Huu wa pili unaleta matokeo ya haraka, na maiti pia. Hapo wakaaji wanagawanyika, na haki ya kuuliza wanayo: kwa nini mgonjwa wa Uvira alipe kosa la ofisi ya Kinshasa?

Kenya imepita njia hiyo kwa uchungu kuliko sisi wote wa kanda hii. Madaktari wa serikali waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017, na viongozi wa sindika yao walifungwa jela Februari 2017 kabla mahakama ya rufani haijawatoa. Mwaka huo huo wauguzi waligoma karibu miezi 5, toka Juni mpaka Novemba. Wenye pesa walienda kliniki za watu binafsi. Maskini walibaki nyumbani. Madaktari walisaini mapatano na serikali, na bado mwaka 2024 waligoma tena siku 56, sehemu kubwa kwa sababu ya vipengele vya yale mapatano ya 2017 na malipo ya madaktari wanafunzi. Tanzania nako, wakati wa mgomo wa madaktari wa 2012, kiongozi wao Dr. Steven Ulimboka alitekwa usiku mwezi Juni, akapigwa vibaya na kutupwa nje ya Dar es Salaam. Kusemea kazi ya afya kunaweza kumgharimu mtu mwili wake.

Lakini kuna jambo ambalo mifano ya Nairobi na Kinshasa haionyeshi. Mgomo una nguvu pale ambapo mgomaji analipwa na yule anayemgomea. Daktari wa mjini akigoma, serikali inaona hospitali yake imefungwa. Muuguzi wa Mutarule ambaye hajamekanizwa akigoma, anamgomea nani? Siku asipofanya kazi, sanduku la kituo haliingizi franga, na watoto wake ndio wanalala njaa. Waziri hatasikia hata harufu. Yeye hana silaha ile ambayo wenzake wa mjini wanayo. Kwa hiyo muganga wa kijiji, kuliko mwingine yeyote, anahitaji watu wengine wamsemee.

Kituo cha afya kilipogeuka mahali pa kufia

Utetezi si wa pesa tu. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mutarule. Waliua watu wasiopungua 30, wengine wakiwa kwenye ibada nje, wengine nyumbani, wengine kwenye kituo cha afya. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba askari wa MONUSCO walikuwa Sange, kilomita 9 tu, na walijulishwa, lakini wao na jeshi la serikali hawakufika kuzuia. Hapa hakuna haja ya kueleza zaidi. Wenye kuishi bondeni wanayajua majina.

Miaka 18 kabla ya hapo, tarehe 6 Oktoba 1996, vita ilipokuwa inaanza, hospitali ya Lemera, kule milimani juu ya bonde hili hili, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa kitandani, na wauguzi pia. Daktari mkuu wa hospitali hiyo hakuwepo siku ile. Alikuwa Denis Mukwege. Alirudi Lemera mwaka 1989, baada ya kusomea uzazi Ufaransa, kwa sababu aliona akina mama wanakufa kwa kukosa mtu wa kuwahudumia. Baada ya Lemera kuharibiwa alianza Panzi, Bukavu, mwaka 1999. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengi wanamjua kama daktari anayeshona akina mama waliobakwa. Kwa habari hii, jambo lingine ni muhimu: alikataa kubaki ndani ya chumba cha upasuaji. Alienda Umoja wa Mataifa, alienda Ulaya, alisema yale ambayo mkasi haumalizi. Na alilipia: Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvizia nyumbani kwake Bukavu, na mlinzi wake akauawa.

Kaskazini nako, wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, wafanyakazi wa afya walishambuliwa mara nyingi. Tarehe 19 Aprili 2019, Dr. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu Butembo. Siku chache baadaye madaktari wa mji huo waliingia barabarani kudai ulinzi.

Tarehe 3 Mei 2016, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286 linalokataza kushambulia wagonjwa, waganga na hospitali. Karatasi hiyo haizuii risasi. Inatoa tu mahali pa kushika: kamanda, chifu au kiongozi wa kundi anaweza kuonyeshwa kwamba kituo cha afya si cha upande wowote. Katika bonde ambalo Bafuliiru, Barundi, Bavira na Banyamulenge wamezika watu wao, muuguzi anayetibu kila mtu bila kuuliza kabila anabeba hatari ambayo haiko kwenye hesabu ya primu yoyote. Kuna vijiji ambavyo mgonjwa anapita kituo cha karibu na kwenda cha mbali kwa sababu hamwamini muganga wa kabila lingine. Maadili ya kazi ya uuguzi yanakataza ubaguzi huo. Lakini anayekaa na muuguzi siku zote ni wakaaji, na wao ndio wanaweza kumlinda au kumtupa.

Mkunga na RECO

Wakunga walichelewa zaidi. Kwa miaka mingi yeyote aliyejua kupokea mtoto alihesabiwa mkunga, na mkunga aliyesoma alihesabiwa muuguzi wa kawaida. SCOSAF imekuwa ikidai mkunga atambuliwe kama kazi inayojitegemea, yenye masomo yake. Katika bonde ambalo barabara kutoka Sange inaweza kufungwa usiku na bunduki, tofauti kati ya mkunga aliyesoma na mtu wa kubahatisha ni uhai wa mama anayetoka damu.

RECO, wale wajumbe wa kijiji wanaopita nyumba kwa nyumba kutangaza chanjo na kipindupindu, wako chini kabisa. Uvira haimalizi mwaka bila kipindupindu. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuharibu mitambo ya maji, yaliongeza hatari. Katika kila wimbi, RECO ndiye anaambia watu waweke klori. Anapewa fulana na siku nyingine nauli. Wakati wa kampeni anaitwa nguzo, kampeni ikiisha anarudi shambani. Sindika haimsemei, Ordre haimjui.

Nani anaweza kubisha hodi

Kila eneo la afya lina kamati inayoitwa CODESA, ya wakaaji waliochaguliwa. Wengi wanafikiri kazi yake ni kufagia kiwanja na kuita watu kwenye chanjo. Kamati hiyo ina haki ya kuona mapato ya kituo na kujua yanatumika namna gani. Ndani yake kuna njia ya utetezi ambayo haihitaji mgomo wala shirika.

Kamati inaweza kuuliza mambo machache, kwa maandishi. Kituo kina watumishi wangapi? Wangapi wana matrikule, wangapi wako kwenye mshahara, wangapi kwenye primu, na tangu mwaka gani wengine wanasubiri? Bei zimebandikwa ukutani? Mgonjwa anapewa risiti? Karatasi hiyo ikiwa na sahihi za CODESA, za chifu wa kijiji na za makanisa, inapelekwa ofisi ya zoni ya afya, nakala kwa mwakilishi wa sindika, nakala kwa mbunge wa Uvira, wa jimbo na wa taifa. Mbunge anaweza kupuuza barua ya muuguzi mmoja, atasema ni mtu anayetafuta mshahara wake. Barua ya kijiji kizima chenye kupiga kura ni kitu kingine.

Muuguzi naye ana sehemu yake. Kituo ambacho bei zinabadilika kulingana na uso wa mgonjwa hakiwezi kuomba wakaaji wakisemee. Wako matitulere wanaoficha daftari la mapato kwa CODESA kwa kuogopa maswali, halafu wanalalamika kwamba kijiji hakiwasaidii. Daftari likiwa wazi, watu wanaona wenyewe kwamba baada ya dawa na karatasi kinachobaki kwa watu 5 ni kidogo.

Siku ya wakunga ni tarehe 5 Mei, ya wauguzi tarehe 12 Mei. Uvira siku hizo kuna maandamano, mavazi mapya na hotuba, na mara nyingi sindika zinasoma barua ya madai mbele ya wakubwa wa serikali. CODESA ya kijiji inayotaka jina la kituo chake liwe ndani ya barua hiyo inatakiwa kuwa imemaliza hesabu yake mwezi wa Machi, kwa sababu kutoka Mutarule mpaka ofisi ya zoni, sahihi, mhuri na kusubiri vinakula wiki nyingi.